Finjani Moja Mdomo Chini

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 4 Mei 2025

Dada Asmahani,

Salamu zako zimo humu ndani lakini zingoje kidogo, maana nikianza na salamu nitapoa, na leo sitaki kupoa. Bibi yako Bi Mastura tu mpe shikamoo yangu. Hiyo haingoji.

Sasa. Jumapili iliyopita tumekaa watu watano kwenye mkeka wa mama yangu, sinia katikati, finjani tano za kahawa, moja kwa kila nyumba, vilevile walivyokaa bibi zetu enzi za ngoma yao. Najat kaiacha cherehani yake Usagara. Wijdan kaja na mvua yote ya Pangani kichwani. Masoud kabeba maikrofoni kama kitoto kichanga, mwanamume pekee, kairithi finjani ya bibi yake na wala haoni haya. Nikawasomea barua ya Alexander wa Ubelgiji. Kampuni yake inatengeneza katuni ya watoto. Wanataka sauti zetu za Kiswahili, na wanataka zile nyimbo nne za Bi Mastura tulizorekodi Februari huko kwenu Mkwaja. Na mtu mmoja aende kwao Ghent miezi mitatu kuzisimamia. Wakanitaja mimi! Mie ninayetoa fotokopi za vyeti vya watu kutwa kucha!

Finjani nne zimesimama. Yako nikasikia tu, tak. Umeifudikiza. Mdomo chini, kahawa hujaimaliza, ikatambaa mpaka kwenye kashata.

Na ukanyamaza. Najua desturi: mmoja akifudikiza jambo limekwama, na haulizwi sababu. Basi sikuulizi. Nakuhadithia tu nilichokisoma wiki nzima, maana kuna neno moja lilimponyoka Alexander. Aliandika kwamba kwao mambo ya nyimbo na filamu ni mazito, kila nchi ina turufu yake. Turufu! Kama kwenye karata! Nikaenda kuchimba. Nimechapa makaratasi yao nyuma ya fotokopi zilizoharibika, mjomba Suleimani ananung'unika wino wake, nami nasoma na kamusi magotini.

Sikiliza. Ulaya wako nchi ishirini na saba. Wakienda kuzungumza biashara na watu wa nje hawaendi mmoja mmoja, wanakwenda kama nyumba moja yenye msemaji mmoja. Ipo biashara ya vitu, hiyo unaijua. Ipo na biashara ya huduma: benki, meli, simu, waganga, walimu, filamu, yaani kila ambacho huwezi kukitia guniani. Kwa huduma nyingi wanapiga kura ya wingi. Zikipatikana nchi kumi na tano, na nchi hizo zina watu sitini na tano katika kila mia wa Ulaya nzima, limepita hilo, aliyekataa ameze mate. Lakini ikifika kwenye nyimbo na filamu, wakaona lugha za watu na mila zao zitaumia, hapo lazima wote. Shule na hospitali nazo hivyohivyo, kwa masharti yake. Mmoja akikataa, wote wanakaa chini.

Asmahani, Wazungu wanafudikiza finjani!

Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko mzima. Kisha nikakasirika. Watu mamilioni wanasubiri, mmoja kanuna, basi. Mie naona sisi tuwe na kura ya wingi. Watatu kati ya watano, jambo linakwenda.

Usiku mvua inapopiga bati navaa spika za masikioni namsikiliza Bi Mastura. Sauti yake inaingia kwenye mvua, mvua inaingia kwenye sauti yake, sijui nakunywa ipi. Sauti hiyo ikae kwenye simu zetu mpaka lini?

Nijibu kwa gari la barafu la Mselem. Na ununue simu, wallahi. Tangu ile itumbukie kisimani ni mwezi wa tatu huu, unaishi kama malaika.

Nasma


Mkwaja
Jumamosi, 10 Mei 2025

Mdogo wangu Nasma,

Barua imefika imelowa. Mselem kaiweka chini ya barafu, ati ndiko isikopotea. Nimeianika juu ya kawa jikoni, maneno yako yamevimba, hata "kura ya wingi" imenona.

Bibi kaitikia shikamoo yako. Alitaka barua asomewe, nikamsomea. Akataka tena. Nikamsomea tena, nikaruka penye hesabu za watu sitini na tano.

Nnakuuliza na mie nisiyesoma makaratasi. Hiyo turufu ya nyimbo aliiomba nani? Nnadhani wale wenye lugha ndogo. Na mtu akikataa huko, anaulizwa sababu? Na asiyefika kikaoni anahesabiwa vipi? Halafu nimewaza, mbona nyimbo, shule na hospitali wamezitia kapu moja? Kwangu naona ndivyo vitu vinavyomkuta mtu akiwa hana nguo. Anazaliwa, anaugua, anafundwa, anabembelezwa. Biashara nyingine zote unazifanya umeshavaa.

Huku masika yamelegea. Maji ya bahari yakitoka hapa yanatoka kweli, mpaka ukiangalia unasahau yalikuwapo, mchanga unabaki na mikunjo kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Bibi mchana analala macho wazi. Nnakaa karibu yake nachambua mchele, wala sijui nani anamwota nani.

Finjani yangu sitaisimamisha. Ghent ikikuita kwa sauti yako mwenyewe nenda, nitakufungia visheti vya njiani. Kwa nyimbo zile, hapana. Na ulivyosema hutauliza, usiulize.

Simu nitanunua. Sijui lini.

Asmahani


Ngamiani
Jumapili, 18 Mei 2025

Dada,

Umekosea! Si wenye lugha ndogo. Aliyepiga kelele kuliko wote miaka yote ni Mfaransa. Jitu zima lile! Anaogopa filamu za Marekani zitammeza na Kifaransa chake. Nilikaa na hilo siku mbili. Kumbe na mkubwa ana mkubwa wake anayemwogopa.

Kuhusu asiyefika: kwao, hata penye lazima ya wote, anayenyamaza hazuii kitu. Anayezuia ni aliyesema hapana. Sawasawa na bibi zetu, asiyekuja finjani yake imesimama, amekubali. Nani alimfundisha nani?

Na sikiliza hii. Mwaka 2016 Ulaya na Kanada wana mkataba wao mkubwa, wameuzungumza miaka na miaka, na huo ulitaka saini ya kila nchi. Ubelgiji haiwezi kusaini mpaka mikoa yake ikubali. Basi mkoa mmoja, Walonia, watu milioni tatu na nusu hivi, ukasema hatutaki. Watu zaidi ya milioni mia tano wakasimama, na Kanada nzima nyuma yao! Kwa finjani moja! Ukisoma unaweza kurusha kamusi.

Nami nimeirusha. Maana Walonia walau walisema wanachokiogopa. Weye husemi. Basi nitasema mie, ukasirike ukitaka: ni Ghent, sivyo? Wamenitaja mie niliyefeli hesabu kidato cha nne, hawakukutaja weye uliyefaulu kila kitu ukabaki Mkwaja kuchambua mchele. Sikulaumu. Lakini usiifunike kwa finjani ya Bibi.

Nimeitisha kikao Jumapili ijayo, tarehe 25, kwetu hapa. Jambo ni moja: tuondoe kufudikiza, tuweke watatu kati ya watano. Na kichekesho ni hiki, nimekikuta na kwa Wazungu pia: ili kuiondoa turufu, kila mwenye turufu lazima akubali kuitoa! Nani alitunga hii, shetani au fundi saa?

Kwa hiyo unaweza kunizuia. Njoo tu. Njoo uifudikize mbele ya macho yangu.

Nasma


Ngamiani
Jumatano, 28 Mei 2025

Dada Asmahani,

Hukuja!

Tulikungoja mpaka adhana ya alasiri. Kahawa ikapoa, mama akaipasha, ikapoa tena. Najat akasema, "Asiyefika amekubali. Mie nina magauni manane ya Idi, tusikae hapa kama tuko matangani." Masoud akasema labda barua haikufika. Nikasema imefika, Mselem kakukabidhi mkononi Jumatatu. "Basi kakubali," akasema Wijdan, "kaona aibu tu kusema." Finjani yako imesimama pale, imejaa, hakuna aliyeigusa.

Nikaiangalia, Asmahani. Nikajiambia, kakubali. Nikajiambia mara ya pili.

Tukaondoa kufudikiza. Hapohapo tukapiga kura ya nyimbo: wanne wanataka. Tarehe 20 Juni tunasaini, siku hiyohiyo Masoud anazituma.

Nilipolala nimeota niko kwenye ukumbi hauna kuta, na sakafu yake ni maji ya kina cha kidole. Kuna sinia kubwa kama uwanja wa mpira, juu yake finjani ishirini na saba. Nikiinama juu ya kila moja nasikia mtu anaimba kwa lugha nisiyoijua, na nyimbo zote ni za kulaza mtoto. Mmoja anaimba kama anafagia, mwingine kama anasukuma mlango mzito polepole. Kisha nikaikuta moja mdomo chini. Nikatega sikio, humo ndimo mlimokuwa na sauti nzuri kuliko zote. Nikasema niifunue niisikie vizuri. Nilipoifunua ikanyamaza.

Ndoto za kahawa nyingi. Mie nina furaha, wallahi nina furaha. Niambie na weye huna kinyongo. Kamstari kamoja.

Nasma wako


Mkwaja
Jumanne, 3 Juni 2025

Nasma,

Barua yako ya kikao niliipata. Jumamosi ile nilishafunga furushi la nguo, nimeshamwomba jirani akae na Bibi nikija huko. Nilikuwa naja. Nilikuwa naja kuifudikiza mbele ya macho yako, kama ulivyotaka.

Alfajiri ya Jumapili, kabla sijaondoka, jirani akanigongea. Bibi hayupo. Mlango wazi, kanga yake ya usiku imelala kizingitini. Tumemtafuta mpaka jua limekuwa kali. Tumemkuta mbali, kwenye mlango wa kijito, amekaa mchangani, maji yamemfika kiunoni na yanapanda, anaita. Hakuwa na hofu. Anaita kama mtu anavyomwita mtoto aje kula. Anamwita Ghanima.

Ghanima ni mama yangu. Amefariki nina miaka tisa.

Sasa nikuambie yale niliyoyazuia, maana kuyazuia hakukunisaidia kitu. Bibi ameanza kupotea tangu mwaka jana. Anakuja na kuondoka. Mchana mwingi hajui mie ni nani, ananiita "mwanamke mwema". Ile Februari mlipokuja na Masoud, mkatundika blanketi mlangoni ili kuku wasisikike, ukakaa mbele yake ukacheka kabla hujamaliza kusema, kama ulivyo. Una mwanya, Nasma. Mama yangu alikuwa na mwanya palepale, na alikuwa akicheka kabla hajamaliza kusema. Bibi alikutazama weye akamwona mwanawe.

Mlidhani anaimba nyimbo za ngoma. Sikiliza tena. Jina limo ndani. Alikuwa anambembeleza mtu. Zile si nyimbo za bibi zetu watano, hazikuwahi kuimbwa kwenye ngoma yoyote, ni zake na mtoto wake aliyekuwa hapati usingizi. Mie nilikuwa nyuma ya blanketi naelewa kila kitu. Ningewasimamisha. Lakini alikuwa na furaha, Nasma, sijapata kumwona hivyo tangu nikiwa mdogo, nikasema acha, ni saa moja tu, nani ataumia.

Mbona sikukwambia? Weye mwenye desturi zote kichwani, umesahau moja. Nyumba ambayo mwenye finjani ameharibikiwa akili, finjani yake inatolewa kwenye sinia. Mie nashika kwa niaba yake tu. Ningesema sababu, ningekuwa sina cha kufudikiza. Ndiyo maana sababu haiulizwi. Walioweka hivyo hawakuwa wajinga, walijua kuna hapana nyingine zikisemwa kwa nini, zinakufa.

Si Ghent. Ghent naitamani, nisikufiche, mie si jiwe. Lakini si Ghent.

Na simu sikununua kwa sababu ya barua zako. Namsomea zote, naruka mabaya. Anadhani zinatoka kwa Ghanima. Ati kaenda mjini, anasoma mambo ya Ulaya. Hiyo ya finjani ishirini na saba nimemsomea mara nne. Juzi kaniuliza, "Mwanangu anakula vizuri huko?"

Nimemjibu anakula.

Asmahani


Ngamiani
Jumanne, 10 Juni 2025

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako Idi nzima. Pilau lilipita mbele yangu kama gari.

Nisamehe. Sina neno refu kuliko hilo, na unajua mie nina maneno.

Nimesikiliza tena. Limo. Mara tisa katika nyimbo nne. Miezi minne nalisikia nikidhani ni ghanima ya kawaida, nyara, neema, mambo ya kale ya ngoma. Nilijiona msomi kabisa.

Jana nimekwenda Usagara kwa Najat. Nimehesabu, mie na weye wawili, nahitaji mmoja tu. Kura ya wingi yangu mwenyewe! Nimemkuta anapiga vifungo, pini mdomoni.

"Najat, zile nyimbo tuzirudishe. Nimebadili kura."

"Hee. Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazipanga kwenye mto. "Rudia, nimesikia vibaya."

"Siwezi kusema sababu."

Akacheka mpaka mteja wa ng'ambo ya barabara akageuka. "Nasma! Si weye uliyetukalisha mkekani na Ufaransa yako na Kanada yako? Mtu asiye na sababu asitucheleweshe, si ndivyo ulivyosema? Nikaacha magauni manane nikaja kukupigia kura!"

"Ndivyo nilivyosema."

"Basi zamani ungekuja hivi tungekaa chini, hata mdomo nisingefungua. Sasa tumeshahesabiana. Niletee sababu au niletee mtu wa tatu."

Ana haki, Asmahani. Ndilo lililonichoma. Masoud ni vilevile, tena kwa upole, akanishika bega. Wijdan hapokei simu.

Nikarudi dukani nikaanza kusoma tena ile ya Walonia. Nilikuwa nimeisoma mpaka penye hasira nikaacha, kumbe ina mwisho. Hawakuuvunja ule mkataba. Walikaa nao siku kadhaa wakiuliza, hili maana yake nini, na hili je, mpaka wakaandikiwa karatasi ya pembeni yenye yale wanayoyaogopa, kisha wakakubali, mkataba ukasainiwa mwezi uleule. Mie nilidhani hapana ni ukuta. Kwao ilikuwa ni kumwambia mtu: hujaniuliza bado.

Na sisi kuna mtu hatujamuuliza. Hatukumuuliza Februari, wala kwenye mkeka, na weye pia, dada, usinichukie, umemsemea tu. Ndani ya kifurushi hiki kuna kiredio cha Masoud chenye kadi. Nyimbo nne zimo. Akiwa amerudi, msikilizishe. Muulize mwenyewe. Atakachosema ndicho nitakachokisimamia, hata kama nitasimama peke yangu.

Imebaki siku kumi.

Nasma


Mkwaja
Jumamosi, 14 Juni 2025

Nasma,

Sikukuchukia. Nilinuna kidogo mpaka jioni.

Alfajiri baada ya sala huwa anarudi, kama nusu saa hivi, kabla jua halijampoteza. Jana nimemweka barazani nikawasha kiredio. Akainamisha kichwa.

"Nani huyu?"

"Weye, Bibi."

"Mie? Sauti imechakaa." Akacheka, akapiga goti. Akasikiliza. Hakuuliza nani alimrekodi wala lini. Lilipofika jina, akaweka kiganja juu ya spika, vile unavyomziba mtoto mdomo asiamshe watu, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha. Zote nne, kila penye jina.

"Wanataka kwenda nazo Ulaya, Bibi. Watoto wakazisikie."

"Watoto wa Ulaya hawalali?"

"Wanalala."

"Basi na waimbiwe. Mtoto ni mtoto." Kisha akanitazama, Nasma, akanitazama mie Asmahani, akaniita kwa jina langu. "Lakini huyu asitoke, Asma. Waambie huyu asitoke. Hajui njia."

Jua likachomoza. Akaniuliza mie mwanamke mwema nina watoto wangapi.

Ndiyo hivyo. Nyimbo ziende, jina libaki. Hiyo ndiyo karatasi yake ya pembeni. Na waambie sababu. Waambie wote watatu, kila kitu, hata kijito. Finjani ikitolewa kwenye sinia itolewe, nimechoka kuilinda kuliko kumlinda yeye.

Asmahani


Ngamiani
Jumatano, 2 Julai 2025

Dada Asmahani,

Leo naanza na salamu. Assalaam aleikum, hujambo, habari za Mkwaja, Bibi kaamkaje. Umeona? Naweza.

Tulikaa tarehe 19. Nikawaambia, hata kijito. Wijdan alilia waziwazi. Masoud akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja, na jua linawaka. Najat ndiye aliyezungumza. "Finjani ya Bi Mastura haitoki," akasema. "Desturi hiyo nani kaipigia kura? Mie sikupiga." Tukasaini kesho yake, na sharti letu la jina limeandikwa chini, nimelichapa mwenyewe, wino wa mjomba.

Masoud akakaa siku mbili kulitoa jina. Mahali tisa. Haikuwezekana kuziba, kila alipoziba wimbo ulichechemea. Akaacha wazi. Palipokuwa na jina panabaki pumzi, Bibi anavuta hewa kama anataka kusema, kisha wimbo unaendelea. Nakwambia ni nzuri mpaka inatisha. Tukazituma.

Alhamisi iliyopita Alexander kajibu. Kwa adabu zote. Wenye filamu wamezipenda, lakini mianya ile itawashtua watoto, watadhani sauti imekatika. Wanaomba tuimbishe mtu atie jina jingine pale. Lolote, ati, lenye silabi tatu.

Nikawaita. Hatukuandaa hata kahawa. Nimesoma barua, nikasema sitatia neno, kila mtu aseme lake.

"Silabi tatu!" Najat kasema. "Wanadhani tunashona mfuko?"

Masoud kasema hapana. Wijdan kasema hapana kwenye simu, anakatika, akapiga tena ili tusije tukamhesabu kama asiyefika. Mie hapana. Weye sikukuuliza, nimekuandika hapana, unisamehe, hii ya mwisho.

Watano, Asmahani. Hakuna aliyeshindwa, hakuna aliyemeza mate. Sijui Wazungu hili wanaliitaje.

Basi nyimbo zimerudi, na Ghent imekwenda nazo. Sauti za katuni tunafanya, lakini kutoka hapahapa, chini ya blanketi la Masoud. Alexander kasikitika, nadhani kweli. Nililia siku moja. Nilikuwa nimeshajua mpaka jina la kituo cha treni. Usiku nilikuwa nashuka pale kila nikilala, baridi, watu wote wanatembea bila kugusa chini, nami naelewa kila wanachosema. Juzi nimeshuka tena na hakukuwa na mtu, ila kituo kizima kinanukia mchele unaochambuliwa.

Jumatatu ijayo ni Sabasaba, duka limefungwa. Nitakuja na Mselem, nimeshamwambia, atanikalisha mbele, si kwenye barafu. Usimwambie Bibi nani anakuja. Acha anione mwenyewe mlangoni.

Akiniita Ghanima, nitaitika.

Nasma